Sufuria ya Falone Siku ya Bonane

Wale wanaofuata habari yangu tangu wiki ya Noeli wanajua nilifikisha wapi. Wale wanaoanza leo, wakae karibu, nitawapitisha mbio mbio.

Mujukuu wangu Lionel alioa. Bibi yake anaitwa Falone. Wote wawili wangali wanafunzi: Lionel anasoma droit, mambo ya sheria, Falone anasomea uganga, ule wa kutunza wagonjwa. Wanakaa kwangu, mu nyumba ndogo ya nyuma, hapa Nyakasanza, mutaa wa Bunia. Iko na chumba kimoja, meza moja na taa moja ya kuchaji ku jua. Ile taa wanaigombania kuliko watu wengine wanavyogombania shamba.

Noeli haikuingia kwao. Lionel alikuwa anajitayarisha kwa sesio ya mitihani, Falone alikuwa ku staji, mazoezi ya kazi, ku hospitali. Alirudi jua limeshuka, akalala na bluzi yake nyeupe mwilini na silabusi ku kifua. Mimi njo nilimuvua viatu.

Halafu Suzanne, mama ya Lionel, akatuma neno toka kwake, mutaa wa Lumumba: "Noeli nimewaachia. Bonane, mwaka mupya, hapana. Siku ya Bonane mukamwana atafungua sufuria yake hapa kwetu."

Na Masera Bénédicte, mutawa mwenye kusimamia wanafunzi wa staji, akamupanga Falone gardi, zamu ya kazi, siku ile ile ya Bonane, tangu asubuhi mpaka magaribi. Mwanafunzi akikosa gardi ya sikukuu, staji yake inakatwa. Staji ikikatwa, mwaka umekufa. Anarudilia.

Pale njo niliacha. Falone alikuwa amesimama ku mulango wangu, machozi yanashuka bila sauti, na mimi nilimuambia: "Weye enda ku gardi yako. Sufuria niachie mimi."

Leo ninaandika na hasira. Watu wa avenue yetu wananiita Koko Polepole, sababu mimi ni koko, nyanya ya wote, na sijawahi kumupigia mutu kelele, hata wale wanaotupa takataka mu mufereji wangu. Lile jina nililiacha ku mukeka wa mwanangu siku ya Bonane. Mukilikuta kule, mulitupe.

Kwanza nieleze sufuria, juu vijana wa leo hawajue.

Mu jamaa yetu, mwanamuke akiolewa, anapika sikukuu moja kwa wazazi wa bwana yake. Anapika yeye mwenyewe, ku moto wake, anatuma sufuria ikiwa imefunikwa. Hakuna mutu anayegusa kifuniko. Yeye njo anafungua mbele ya wote, anatia chakula mu sani ya kwanza, anamupatia mama-mukwe. Siku ile njo anaingia mu nyumba. Mbele ya pale, hata kama mahari imetoka na padri amebariki, yeye ni mugeni tu.

Na kuko kitu kingine, kile hatupendi kukitaja. Kama mwanamuke anafunika sufuria wakati chakula kingali ndani na watu hawajakula, hakuna mutu anayemuuliza swali. Anabeba sufuria yake, anarudi kwao. Jambo lile nililiona mara moja tu, nikiwa musichana. Yule mwanamuke hakurudi.

Basi, asubuhi ya Bonane niliwasha moto mapema. Sombe, majani ya muhogo, nilikuwa nimeitwanga jana yake, nyama ya mbuzi ilikuwa imekauka vizuri juu ya moshi. Falone akapita ku jikoni, bluzi yake imekunjwa mu sakoshi.

"Koko, niache nikate hata kitunguu. Hivi nitakuwa nimegusa kitu."

"Kata."

Akakata kitunguu kimoja. Macho yakamuwasha, akacheka. "Sasa si uongo kabisa."

"Ni uongo," nikamuambia. "Lakini ni wangu. Enda."

"Masera atanipatia pause ya midi, saa sita. Nitakuya na pikipiki, nifungue, nimupatie mama sani yake, nirudie. Lionel anajua yote."

"Lionel anajua yote," na mimi nikasema.

Mushike neno lile.

Musifikiri Falone anapenda hospitali juu ya bluzi nyeupe. Wazazi wake ni wakulima, walikimbia vita upande wa Djugu. Mu njia ile ya kukimbia mama yake alishikwa na uchungu, akazaa mu majani, hakuna muganga, hakuna hata wembe. Falone alikuwa amemushika mama yake mukono, hakujua kufanya kitu kingine. Kitoto kilikufa. Aliponieleza hakulia. Aliniambia tu: "Koko, mimi sitaki tena kushika mutu mukono bure."

Mutu akisema vile, unamupikia sombe. Nilimupikia.

Lionel alikuya kubeba sufuria jua likiwa limepanda. Alikuwa ametoka nyumbani mapema kuliko bibi yake, akasema anaenda misa ya kwanza. Hakuniangalia. Niliwaza ni njaa.

"Misa ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa misa, Koko."

"Ulimuombea bibi yako?"

"Nilifanya ile nilipaswa kufanya," akasema, akafunga sufuria na mupira nyuma ya pikipiki.

Kwa Floribert, mwanangu, bwana ya Suzanne, parsele, kiwanja chao, ilikuwa imefagiwa mpaka udongo unang'aa. Mikeka ilitandikwa, viti vya kukodi vilipangwa, muziki ulikuwa unalia kwa jirani na unatufikia bila kualikwa. Nilikuta ndugu na majirani. Fabien, mutoto wangu wa mwisho, alikuwa amekwisha kufungua chupa.

"Bonane, Mama. Unazidi kuwa musichana."

"Bonane. Na weye unazidi kuwa wa bure."

Sufuria ikawekwa katikati ya mukeka. Tukaketi. Tukangoja.

Midi ikafika. Midi ikapita. Falone hakuonekana. Lionel akapiga telefone, akasema ya Falone imefungwa. Akapiga tena, akiwa amegeuka ku ukuta. Sasa ninajua hakuwa anapiga mutu.

Suzanne akaanza pole.

"Mama, mukamwana iko wapi?"

"Iko mu njia."

"Njia ya wapi? Ya Kisangani?"

Watu wakacheka. Fabien akaongeza: "Shemeji, mungoje. Pengine anachoma sombe sindano ipate kuiva."

"Sombe iko hapa inapoa," Suzanne akasema. "Ye njo haijaiva."

Nilikuwa ningali Koko Polepole.

Floribert, mwanangu, iko na uzito wa kusema na wepesi wa kula. Tangu utoto ni vile. Alikuwa anazunguka ile sufuria kama mutu aliyepoteza ufunguo karibu yake. Mwisho akainama.

"Ninanusa tu."

"Papa Lionel, acha," Suzanne akasema.

"Nimesema ninanusa."

Akainua kifuniko kidogo. Akatia kidole. Akakilamba.

Akabaki vile ameinama. Akatia kidole tena. Halafu akaweka kifuniko pembeni, ku mukeka, polepole, na akaniangalia na macho ya mutoto wa shule ya primere.

"Mama," akasema. "Hii ni mukono yako."

Wasomaji wangu, mukono wa mupishi ni kitu kibaya. Nilikuwa nimejichunga. Nilikuwa nimetia mafuta kidogo kuliko desturi yangu, nilikuwa nimetia ile kibe ya supu ya dukani, juu vijana wote wanapika nayo. Lakini pale mwisho, moto ukipungua, mukono wangu ulikwenda wenyewe ku kibuyu cha chumvi ya majivu, ile ninayoichuja toka maganda ya ndizi. Mama yangu aliifanya, mimi ninaifanya, na mu Bunia muzima sijue kama kuko mutu mwingine anajisumbua nayo. Floribert alikula chumvi ile tangu meno yake ya kwanza. Ungeweza kumufunga macho, angeijua.

"Si mukono wa Falone?" Suzanne akauliza.

Floribert akapanguza mudomo. Akaangalia kidole chake.

"Mama, ninakuuliza kwa heshima. Nani alipika hii sombe?"

"Mimi," nikasema. "Falone alikata kitunguu."

Fabien akasukuma kicheko ndani ya chupa. Hakuna mutu mwingine aliyecheka.

Suzanne akasimama. Alikuwa amevaa kikwembe kipya, kitenge kile cha Bonane, na akakifunga tena mu kiuno kama mutu anayekwenda kupigana.

"Basi muliketi pamoja, weye na ye, mukanipikia uongo. Mimi nilialika batu. Niliwaambia bakuye kuona mukamwana. Bataona nini? Kitunguu?"

"Falone iko ku gardi," nikasema. "Wanafunzi hawachague siku. Akikosa, anapoteza mwaka."

"Mwaka wake. Na siku yangu?"

"Siku yako itarudi mwaka kesho, Mama Lionel. Bonane haiishi."

"Mutoto wangu alioa bibi," akasema, na sauti ikapanda watu wa njia wasikie. "Hakuoa hospitali. Asubuhi gardi, magaribi silabusi. Wanakula saa ngapi? Wanalala saa ngapi? Mimba itapita wapi, mu silabusi? Nimechoka. Dokta wenu achague. Aache masomo, ao arudi kwao, kule banalala chini ya bashi."

Kule banalala chini ya bashi. Bashi, zile turubai za wakimbizi. Alisema vile, mbele ya watu, siku ya Bonane, mu muji huu ambamo hakuna mutu ambaye hajakimbia ao hajapokea mwenye kukimbia.

Hapo nilijiinua na fimbo yangu.

"Suzanne," nikasema. Sikumuita Mama Lionel. "Lionel alizaliwa siku gani?"

"Hiyo inaingia wapi?"

"Alizaliwa siku gani?"

Floribert akajibu mahali pake: "Pasaka."

"Siku ya Pasaka. Nilikupeleka mimi, mu mugongo wa kinga, ile baiskeli, na weye unapiga kelele mpaka watu wanatoka mu misa kuangalia. Mutoto alikuwa amekaa vibaya. Nani alimugeuza?"

"Mama, acha," Suzanne akasema.

"Sitaacha. Alimugeuza musichana wa miaka ya Falone, na bluzi nyeupe, alikuwa ku gardi. Siku ya Pasaka. Yeye hakuwa na mama-mukwe? Hakuwa na sufuria ya kufungua? Kama angekwenda kufungua sufuria, weye ungekuwa wapi leo? Na huyu bwana mukubwa anayesoma droit angekuwa wapi?"

Sijawahi kusema maneno mengi vile mbele ya watu. Suzanne alikuwa ananiangalia. Akashika tumbo lake kidogo, bila kujua anafanya vile.

Nikageuka kwa mujukuu wangu.

"Lionel. Weye unasomea kusemea watu. Simama, semea bibi yako."

Fabien akasema polepole: "Avoka, wakili wetu, simama."

Lionel akasimama. Nilifurahi, ninawaambia kweli. Niliwaza, sasa ile shule itazaa tunda.

Akasema: "Koko, Falone haiko ku gardi."

"Iko wapi?"

"Sijue. Lakini ku gardi, haiko. Hawawezi kumuacha aingie."

"Nani hawezi?"

Akameza mate. "Asubuhi sikwenda misa. Nilikwenda kwa Masera Bénédicte. Nilimuambia Falone iko na mimba. Kwamba inamusumbua, anatapika, anaanguka, na yeye anaficha juu anaogopa kupoteza staji. Nilimuomba amutoe."

Jirani mumoja akarudilia: "Mimba?"

Halafu Suzanne akapiga kigelegele. Kimoja kirefu, kikatoka mpaka barabarani. Majirani wakapokea. Glodie, dada mudogo wa Lionel, akatoka jikoni na mwiko mu mukono akiuliza nini, nini, na alipoambiwa akapiga chake. Fabien akamwaga bia ku udongo. Floribert akakaa chini na akasema, "Mujukuu," kama mutu anayeonja chumvi.

Suzanne ule ule wa bashi akaniruka mu shingo. "Mama, unisamehe. Unisamehe, sikujua. Mbona hamukusema? Mutoto wa batu anabeba mimba na mimi ninamuchapa na kinywa."

Mimi nilikuwa ninaangalia Lionel. Hakuwa anafurahi. Nikamuvuta shati mpaka sikio lake likafika kwangu.

"Mimba iko?"

Akaangalia viatu vyake.

"Lionel, mimi ninafua mu parsele moja na bibi yako, ninaona vitambala vyake vya mwezi. Ninakuuliza. Mimba iko?"

"Koko, fikiri," akasema chini chini. "Staji angeikosa, angekuya hapa, angefungua sufuria, Mama angetulia. Mwaka kesho angerudilia, nami ningekuwa nimemaliza. Hatungegombania taa. Kila mutu angekuwa na amani. Na mimba, mimba ingekuya tu yenyewe."

"Falone anajua?"

"Nilitaka kumuambia leo magaribi. Pole pole."

Pole pole. Akaazima jina langu kwa kufunika ujinga wake.

Ninyi mabibi munaosoma habari hii, nisameheni. Nilimupiga. Kofi moja, ku shavu la mwanaume mwenye ndevu, mbele ya wazazi wake. Kwa sababu ya vigelegele hakuna mutu aliyesikia. Lakini Floribert aliona, na uso wake ukafunga.

Na pale pale njo Falone akaingia.

Hakukuya na pikipiki. Alitembea tangu hospitali, viatu vyake vilikuwa vyekundu na vumbi. Bluzi ilikuwa imekunjwa ku mukono, safi, haikuvaliwa. Alisimama ku mulango wa parsele akaangalia watu wanaocheza na kumupigia vigelegele.

Suzanne akamukimbilia. Akatoa kitambaa chake cha mabega, akamufunika nacho.

"Mama yangu. Kwa nini unatembea ku jua? Kaa. Glodie, leta kiti. Leta maji. Ungetuambia, mwanangu."

"Niwaambie nini, Mama?"

"Mimba, tena nini."

Falone akamutolea macho Lionel. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, na ile njo ilinyamazisha watu:

"Mimba ile niliisikia ku mulango ya hospitali. Masera Bénédicte alinipa mukono, akanipongeza, akaniambia nirudi nyumbani nipumzike. Nikamuambia siko na mimba. Akaniambia, bwana yako mwenyewe alikuya kusema, unamubisha bwana yako? Nikamuomba anipime. Alinipima."

"Na?" Suzanne akauliza.

"Haiko."

Glodie akashusha mwiko.

"Masera akasema: basi kati yenu wawili kuko mwongo mumoja, na mimi siweke mwongo karibu ya mugonjwa. Nikakaa ku bao la kukalia mbele ya ofisi yake. Nilikaa mpaka aliona haya akatoka. Akaniambia: kesho asubuhi bwana yako akuye hapa, aseme mbele yangu na mbele ya dokta kama alidanganya. Akisema, unarudia kazi yako. Asipokuya, staji imekatwa."

Akageuka kwa Lionel.

"Kesho asubuhi utakwenda?"

Tuseme kweli, ilikuwa neno dogo. Kusema ndiyo. Mutu anayesoma vitabu vikubwa vile, neno lile halikosekane mu kinywa chake. Lionel alifungua kinywa. Akaangalia mama yake. Akakifunga.

"Mutoto wangu aende kujitukana mbele ya masera na dokta?" Suzanne akasema. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu ile ya mbele. Alikuwa ametoa mikono yake ku mabega ya Falone, na hakujua pa kuiweka.

Jirani mumoja akasema nyuma yangu: "Hata mimba haiko." Falone alisikia. Wote tulisikia.

Floribert akainuka. Mwanangu si mutu mubaya, ninasema vile hata na hasira hii. Anapenda mambo iishe watu wale.

"Falone, mutoto wangu," akasema. "Lionel amekosa, nitamusemesha mimi mwenyewe, kati yetu wanaume. Lakini batu ni wengi, na siku ni ya Bonane. Sufuria ni hii. Gawa. Mupatie mama yako sani yake, na yote imeisha. Sitauliza tena nani alipika. Utakuwa mutoto ya nyumba hii. Staji itakuya mwaka ingine, hospitali haikimbie."

"Na kesho asubuhi, Papa?"

"Kesho tutaona."

"Tutaona," Falone akarudilia.

Akapita katikati ya watu. Akapiga magoti mbele ya sufuria. Akamupatia Glodie bluzi yake, kama mutu anayejitayarisha kugawa. Glodie akamuletea sani ya kwanza, ile ya maua. Suzanne akaketi, akanyosha kikwembe ku magoti. Hata Fabien aliweka chupa chini.

Lionel akapumua. Nilisikia pumuzi yake. Ilikuwa pumuzi ya mutu anayeona moto umepita pembeni ya nyumba yake.

Falone akatia mwiko ndani. Akageuza sombe mara moja, moshi kidogo ukatoka bado. Akaleta mwiko ku kinywa, akaonja.

"Iko tamu, Koko," akaniambia. "Ile ya majivu."

"Nilijisahau."

"Ninajua."

Akaweka mwiko ndani ya sani tupu. Akanyosha mukono, akachukua kifuniko pale Floribert alikuwa amekiacha ku mukeka. Akakipanguza na pembe ya kitambaa cha Suzanne. Na akafunika.

Kifuniko cha aluminium hakina sauti kubwa. Siku ile tulikisikia wote.

Hakuna mutu aliyemuuliza swali. Desturi ni desturi. Mama mumoja muzee akashika kichwa. Watoto waliokuwa wanasimama na sani zao wakaanza kurudi nyuma, hata wao waliona kama kitu kimeanguka.

"Falone," Lionel akasema. "Falone, hapana vile."

"Kesho asubuhi utakwenda?"

Akarudi nyuma mpaka ku ukuta. Mara mbili, wasomaji wangu. Mara mbili alipewa mulango na mara mbili alikaa inje.

Falone akashika mukono mumoja wa sufuria. Akajaribu kuinua, ikamushinda. Nilikuwa nimepikia jamaa nzima. Akaniangalia, na sikuona machozi, niliona uchovu tu wa mutu aliyekaa ku bao tangu asubuhi.

"Koko, hii sufuria ni yako. Mukono ni yako. Siwezi kuibeba peke yangu na kusema ni yangu. Ni nzito."

"Mama," Floribert akasema. "Ukae."

Sikujibu.

"Mama, ninakuheshimu. Lakini ukishika ile sufuria, ujue unatoka kwangu pamoja nayo. Sitakufwata Nyakasanza kukuomba."

Yeye ni mutoto niliyemuzaa wa kwanza. Alinijengea ile nyumba ninayokaa, tofali kwa tofali. Na kule ku mukeka Falone alikuwa amepiga magoti, mukono wake ku sufuria, anaangalia kama kuko mutu mu dunia hii anayeshika mutu mukono si bure.

Niliweka fimbo yangu chini. Magoti yakauma, nikainama vile vile, polepole, na kutafuta na vidole ule mukono mwingine wa sufuria, upande wangu.

Nilikuta umekwisha kushikwa.

Niliwaza ni Lionel. Nilimushukuru Mungu, ninasema kweli, nilimushukuru mbele ya kuinua macho.

Haikuwa Lionel. Lionel alikuwa angali ku ukuta. Ilikuwa mukono wa mwanamuke, na pete, na pembe ya kikwembe kipya cha Bonane.

Suzanne hakusema kitu. Alikuwa ameshika sufuria na mukono mumoja, na ule mwingine ulikuwa bado ku tumbo lake, pale alikuwa ameuweka wakati nilitaja Pasaka. Falone hakuachia upande wake. Waliangaliana, sufuria katikati, na mimi nimeinama karibu yao, nilisikia aluminium inalia kidogo.

Na sikujua kama anaivuta ibaki kwake, ao anaibeba pamoja na Falone.